Josiah Wedgwood: mfinyanzi aliyeyahifadhi makosa yake

Wapo wanaodhani kwamba uvumbuzi ni mfano wa radi: humshukia mtu mmoja mwenye kipawa, naye huamka asubuhi na kitu kipya mkononi. Dhana hii imewavunja moyo wanafunzi wengi ambao, wakikosea mara ya kwanza, hujiona hawakujaliwa. Maisha ya Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1795, yanatufunza kinyume chake.

Wedgwood alizaliwa mwaka wa 1730 mjini Burslem, katika jimbo la Staffordshire, akiwa kitinda mimba katika aila kubwa ya wafinyanzi. Baba yake alifariki mwaka wa 1739, na mtoto huyo akaingia kazini mapema. Alikuwa angali mdogo aliposhikwa na ndui. Alipona, lakini goti lake la kulia lilibaki dhaifu, hata ikamwia vigumu kulisukuma gurudumu la mfinyanzi kwa mguu. Mwaka wa 1768 mguu huo ulikatwa, ilhali dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji ilikuwa haijapatikana. Hujafa hujaumbika. Aliyenyimwa gurudumu aliugeukia udongo wenyewe, akawa mtu wa kuchanganya, kupima na kuchunguza.

Mwaka wa 1759, alipoanza kujitegemea, tayari alikuwa na daftari la majaribio. Kila kipande cha udongo alichokitia tanurini alikipa nambari, na nambari hiyo akaiandika daftarini pamoja na viungo alivyotumia na matokeo aliyoyaona. Kilichofaulu kiliandikwa, na kilichoharibika kiliandikwa vilevile. Kwa njia hiyo, kosa la leo liligeuka kuwa mwalimu wa kesho.

Hata hivyo, Wedgwood hakufanya majaribio kwa ajili ya majaribio. Aliwatazama kwanza watu waliokula na kunywa katika vyombo. Kauri ya Uchina ilikuwa ghali, na vyombo vya kwao vilikuwa vimeanza kuwachosha wanunuzi. Akatafuta chombo chepesi, laini na cha kupendeza ambacho kingeweza kutengenezwa kwa wingi. Vyombo vyake vya rangi ya maziwa vilimvutia Malkia Charlotte, aliyeagiza seti ya chai mwaka wa 1765. Baadaye Wedgwood alifungua ukumbi wa maonyesho jijini London, meza zikaandaliwa kana kwamba wageni wanangojewa. Thomas Bentley, mshirika wake aliyeijua vyema biashara, alimpasha habari za mambo waliyoyapenda wateja. Wasanii nao, akiwemo John Flaxman, waliajiriwa kubuni maumbo na nakshi. Hivyo mteja, msanii na fundi wakakutana katika chombo kimoja.

Katika miaka ya 1770 alitaka kutengeneza udongo wa rangi ya samawati usiong'aa, wenye sanamu nyeupe juu yake. Ilimlazimu kufanya majaribio maelfu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na kwa kuwa joto kali la tanuri lilikuwa halina kipimo cha kutegemewa, alibuni kipimo chake mwaka wa 1782. Mwaka uliofuata akachaguliwa mwanachama wa chama cha wanasayansi cha Royal Society.

Hatuna budi kuwa waadilifu. Katika kiwanda chake cha Etruria, kilichofunguliwa mwaka wa 1769, alikuwa bwana mkali. Aliigawanya kazi vipande vipande, na fundi aliyezoea kukifinyanga chombo tangu mwanzo hadi mwisho akabaki na kipande kimoja tu. Lakini ujuzi huohuo aliutumia pia kuwatetea wanyonge. Mwaka wa 1787 kiwanda chake kilitoa nishani ndogo yenye sura ya mtumwa aliyepiga magoti, amefungwa minyororo. Watu waliivaa kama pambo, na kilio cha kupinga biashara ya watumwa kikaingia sebuleni mwa matajiri. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807, miaka kumi na miwili baada ya kifo chake.

Leo mashirika makubwa hugharimia mafunzo ya ubunifu: mtazame mtumiaji, jaribu, andika, rekebisha, jaribu tena. Mfinyanzi wa Burslem alifanya hayo zaidi ya karne mbili zilizopita. Basi, mwalimu, mwanafunzi anapokosea, usimwamuru aung'oe ukurasa huo na kuutupa. Mwambie autie nambari, aandike alichokijaribu na kilichoharibika, kisha afungue ukurasa mwingine. Nawe mwanafunzi, usiuonee haya ukurasa huo, kwani huenda ndio utakaokufikisha kwenye jibu.