Rapala: Mvuvi fukara aliyewasoma samaki

LAURI Rapala, mvumbuzi wa chambo bandia kinachotumiwa hadi leo, alizaliwa nchini Finland mwaka 1905, akaishi kwa uvuvi katika Ziwa Päijänne. Riziki ya familia yake ilitegemea trauti, samaki wa maji baridi, na wengine walao wenzao. Muda mwingi ulimpotea akitia chambo kwenye mamia ya ndoana.

Akiwa majini, alibaini kuwa samaki hao, wavamiapo kundi la samaki wadogo, humwandama yule aliyejeruhiwa, anayeyumba. Mwaka 1936 alichonga kwa kisu samaki bandia kwa gome jepesi litengenezalo vizibo vya chupa. Alimvika karatasi inayong'aa ya chokoleti, kisha akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye.

Sifa zake zilienea Marekani mwaka 1962, baada ya jarida la Life kuandika habari zake katika toleo lililopambwa na picha ya marehemu Marilyn Monroe. Maagizo yakafurika.

Rapala alifariki dunia mwaka 1974. Amewaachia wavuvi wa trauti kipimo cha kuchagulia chambo: mwendo kwanza, rangi baadaye.