Nahodha Miguel Grau
Miguel Grau alizaliwa Peru mwaka 1834, na alipokuwa na miaka tisa tu alikwisha anza safari za bahari. Peru ilipopigana na Chile, yeye aliongoza manowari ya chuma, Huáscar. Tarehe 21 Mei 1879, huko Iquique, aliigonga kwa omo Esmeralda, merikebu ya mbao ya Chile, hata ikazama. Nahodha wake, Arturo Prat, alikuwa ameirukia Huáscar, akauawa pale pale sitahani. Wenzangu darasani humsifu Prat. Mimi namsifu Grau: aliwaopoa maadui waliokuwa wakielea majini, kisha akampelekea mjane wa Prat upanga wa mumewe pamoja na barua ya rambirambi. Tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule, huko Angamos, kombora la Wachile lilimwua.