Mama Mugaya na Deni Letu

Wapo watu ambao taifa huwatambua kwa majina ya watoto wao tu. Mmojawapo ni marehemu Bibi Mugaya wa Nyang'ombe wa Butiama, mama mzazi wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1997. Leo twapenda kumkumbuka kwa ajili yake mwenyewe, kwani maisha yake ni fundisho kwa wananchi wa visiwa vya Kipili na mwambao wa Wampembe, na zaidi kwa maofisa wanaopanga maendeleo yao huko Namanyere na Sumbawanga.

Bibi Mugaya alizaliwa mwaka 1892 katika nchi ya Wazanaki. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 15 tu, aliolewa na Nyerere Burito, ambaye baadaye alikuwa Chifu. Alikuwa mke wa tano miongoni mwa wake 22, ambao nyumba zao zilizunguka zizi la ng'ombe la mume wao. Katika boma kubwa namna hiyo, mama hakungoja kulishwa. Alilima, akavuna, na watoto walishika jembe pamoja naye tangu wangali wadogo.

Alijaliwa watoto 8, wanne wa kiume na wanne wa kike. Wa pili wao, aliyezaliwa Aprili 13, 1922, ndiye Kambarage, ambaye mwaka 1934 alimwacha mama yake nyumbani akaenda kusoma Mwisenge, Musoma. Mwaka 1942 Chifu Burito alifariki, na Bibi Mugaya akabaki mjane kwa miaka 55. Mwaka 1955, mwanawe alipoacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa, alirejea Butiama pasipo mshahara. Alikuwa hai mwanawe alipokuwa Rais, na alikuwa hai alipong'atuka mwaka 1985.

Lakini hesabu ya watoto wake haikutimia. Wawili kati ya wale 8 walifariki wakingali wachanga. Historia, ambayo imeandika mengi juu ya Kambarage, haina la kusema juu ya hao wawili. Mama aliwabeba wote kwa uzito ule ule wa mimba, na hakuna aliyejua wakati huo yupi angeishi, wala yupi angeliongoza taifa.

Hapo ndipo lilipo deni letu. Kumsifu mama mwenye watoto wengi ni jambo jema, lakini sifa haimvushi ziwa. Mjamzito wa kisiwani hutegemea chombo na hali ya mawimbi, na uchungu haungoji upepo utulie. Kwa hiyo kila ofisa anayekaa mezani kupanga mafuta ya boti, dawa za zahanati au nyumba ya mkunga, hana budi kutambua kuwa anaamua habari za uhai wa watu.

Wananchi nao wana wajibu wao. Binti wa miaka 15 mahali pake ni shuleni, na mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Tukifanya hayo, tutakuwa tumemheshimu Bibi Mugaya pamoja na wale wachanga wake wawili.