Mfalme aliyesemwa kwa sababu ya mgongo wake

Ukisoma Shakespeare, utamkuta Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza akiwa na kibiongo, mkono uliokauka na roho mbaya. Yaani ulemavu wake ulifanywa ushahidi wa uovu wake. Lakini mifupa yasemaje?

Richard alizaliwa mwaka wa 1452. Alipopita miaka 10, mwili ukianza kurefuka, uti wake wa mgongo ulianza kupinda upande. Madaktari huiita hali hii skoliosisi. Si laana, bro. Mara nyingi hujirudia ndani ya familia.

Hata hivyo alipanda farasi na kupigana vitani. Mwaka wa 1483 alitwaa ufalme kutoka kwa mtoto wa kaka yake, mvulana wa miaka 12. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa hilo, si kwa mgongo. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Bosworth, akiwa na miaka 32 tu, akazikwa haraka haraka Leicester.

Mwaka wa 2012 wanaakiolojia walimpata chini ya maegesho ya magari. DNA yake ililingana na ya wazao wa dada yake. Mgongo ulikuwa umepinda kweli, lakini mikono ilikuwa sawa, na kibiongo hakuwa nacho. Bega moja tu lilipanda kuliko lingine.

Basi ukiona bega la mwenzako limepanda, usimcheke. Likiwa ni lako, waambie wazazi mapema. Matibabu husaidia zaidi mtu akiwa bado anakua.