Hadithi Zilizobaki Sandukuni

Wanafunzi wetu wengi hapa Tuala, Kajiado, hulijua jina la Karen kuwa la mtaa wa matajiri tu. Ningependa wamjue Karen Blixen, mwandishi aliyeishi karibu na vilima vya Ngong, hasa kwa kitabu ambacho yeye mwenyewe hakujaliwa kukiona.

Alizaliwa Denmark mwaka wa 1885. Mwaka wa 1914 alifika Kenya, akaolewa na Bror Blixen, wakaanza kulima kahawa. Shamba lilikuwa mahali pa juu mno, na kahawa haikustawi. Ndoa ikavunjika mwaka wa 1925. Mwaka wa 1931 shamba liliuzwa, na mwaka huo huo mwandani wake, Denys Finch Hatton, alifariki katika ajali ya ndege kule Voi, akazikwa Ngong. Bi. Blixen akarejea kwao mikono mitupu, ila kwa hadithi alizokuwa ameanza kuziandika shambani.

Kitabu chake cha kwanza cha hadithi, Seven Gothic Tales, kilitoka mwaka wa 1934, naye akikaribia miaka 50. Hadithi iitwayo Carnival, inayohusu karamu ya watu waliovaa mavazi ya michezo, aliikusudia iwe katika kitabu hicho, lakini haikuingizwa. Alifariki mwaka wa 1962. Hadithi alizoziacha zilikusanywa Denmark mwaka wa 1975, kisha mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Chicago kikatoa mkusanyiko wa Kiingereza wenye jina la Carnival.

Wapo wasemao kuwa kuchapisha alichokiweka kando marehemu ni kumvunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito, maana marehemu hawezi kusahihisha wala kukataa. Walakini mimi nauunga mkono uchapishaji huo, kwa sharti moja: mwalimu awaeleze wanafunzi hadithi iliandikwa lini, na kama mwandishi aliichapisha mwenyewe. La sivyo, tutamhukumu mtu kwa rasimu yake, jambo ambalo hatumtendei hata mwanafunzi wetu.

Tena rasimu hufundisha. Humwonyesha kijana kwamba hata mwandishi mashuhuri alijaribu, akafuta, akaanza upya.

Bi. Blixen alipata watu wa kuyatunza makaratasi yake. Je, walimu wetu wa Kajiado waliofariki na kuacha hadithi zao madaftarini, nani atazitoa kabla mchwa hawajazimaliza?