Abati Gallus Steiger na Hesabu za Ujenzi wa Peramiho

Mwanachuo yeyote aliyekaa Songea zaidi ya wiki mbili ameshaambiwa aende Peramiho. Ni kilomita kama 24 tu kutoka mjini. Wengi tunafika, tunapiga picha mbele ya kanisa kubwa la abasia, tunarudi. Wachache wanajiuliza jengo kama lile liliwezekanaje huku kusini, tena katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kulijibu hilo lazima umjue Gallus Steiger.

Steiger alizaliwa mwaka 1879 huko Büron, Uswisi, akawa mtawa Mbenediktini. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1906, na wakati huo ulikuwa mbaya kweli. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita Ungoni kama moto wa nyika. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, ilichomwa Septemba 1905. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea, akiwemo Nkosi Mputa Gama, kisha njaa ikafuata. Kwa hiyo kijana huyu alikutana na majivu na watu waliofiwa. Kujenga hapo kulianzia chini ya sifuri.

Mwaka 1922 alikabidhiwa uongozi wa eneo zima la misheni la Lindi. Eneo hilo lilipogawanywa mwaka 1931 kati ya Ndanda na Peramiho, yeye akabaki abati wa Peramiho, na mwaka 1934 akawekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1938 alianzisha shirika la masista wa Mtakatifu Agnes, hawa tunaowafahamu wa Chipole. Kanisa la abasia lilijengwa kuanzia 1943 hadi 1948. Alistaafu miaka ya mwanzo ya 1950 na kufariki mwaka 1966.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza walikuwa vitani na Ujerumani, nchi ambako wamisionari wengi wa Peramiho walitoka. Kutegemea fedha na vifaa kutoka kule ilikuwa ndoto. Reli haikuwepo, na mpaka leo haijafika Songea. Saruji ilikuja kwa meli, ikashushwa pwani, halafu ikasafirishwa mamia ya kilomita kwa barabara ambayo masika ilikuwa tope tupu. Kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, Wazo Hill, kilianza uzalishaji mwaka 1966, mwaka uleule aliofariki Steiger.

Hapo ndipo mpango wa gharama unapoanza: unatazama kwanza kilichopo karibu. Udongo wa matofali ulikuwepo, kuni za kuyachomea zilikuwepo, mawe na mbao pia. Misheni ilikuwa na karakana zake na shule ya ufundi iliyofundisha vijana kazi kama useremala na uashi. Ukiwa na fundi uliyemfundisha mwenyewe, humwagizi wa mbali kwa bei asiyokupa nafasi ya kubishana. Mabruda walisimamia kazi, lakini mwisho wa siku abati ndiye aliyebeba swali la kama fedha itatosha. Na muda nao ulikuwa sehemu ya bajeti: miaka mitano ni mingi, ila jengo lilikamilika. Halikubaki boma.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Hesabu ya ujenzi wa kikoloni ina safu moja ambayo mara nyingi haionekani vizuri: jasho la wenyeji. Miaka ile vijana wengi wa Songea walikuwa wanakwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ili wapate fedha ya kodi. Pale ambapo kazi ya mtu ni rahisi hivyo, jengo lolote litaonekana la bei nafuu. Ukisoma kwamba mradi fulani ulitumia kidogo, uliza nani alilipia kile kilichobaki.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu ajali haya yote? Kwa sababu, wenzangu, tutajenga. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilipotoka, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa, kila chumba kwa shilingi milioni 20, na mzigo wa usimamizi ukaangukia kwa walimu wakuu na wakuu wa shule. Kwa utaratibu wa force akaunti, shule inakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Fundi anatoka mtaani, mwalimu wa Jiografia anahesabu mifuko ya saruji.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa shule moja yenye boma lililosimama kwenye lenta. Fedha iliishia pale. Hesabu ilikuwa imefanywa kwa bei ya mjini, na kusafirisha mchanga na mabati mpaka kijijini hakukuwekwa popote. Watoto wanasoma kwa zamu, na boma linaota majani.

Hilo lingezuilika kwa mambo ya kawaida kabisa: kuorodhesha kazi hatua kwa hatua kuanzia msingi, kuta, lenta, paa hadi umaliziaji, kuulizia bei ya kila kifaa ikiwa imefika eneo la kazi, si dukani, kutenga fungu la dharura, na kutoanza kupandisha kuta kabla ya kujua paa litatoka wapi.

Chuoni tunasoma saikolojia ya elimu, mitaala na upimaji. Ni sawa. Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni moja: iwaite wakadiriaji majenzi hata kwa semina ya Jumamosi mbili, watufundishe kusoma ramani na kuandaa makadirio kabla hatujapangiwa vituo. Shule tutakazopelekwa zina maboma yanayotusubiri.