François Baucher

François Baucher (Versailles, 1796 – Paris, 1873) alikuwa mkufunzi wa farasi na mwandishi kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kumfundisha farasi kubadili mguu unaotangulia katika kila hatua ya shoti, na kwa juhudi zake za kumwongoza farasi kwa ishara nyepesi. Mbinu zake zilizua ubishi mkali wakati wa uhai wake. Yeye mwenyewe alizibadilisha sana baada ya kuumia vibaya mwaka 1855.

Maisha ya awali

Baucher alizaliwa mjini Versailles. Akiwa bado kijana alikwenda Milano, Italia, alikokuwa mjomba wake aliyesimamia mazizi ya farasi, na huko akajifunza kazi hiyo. Baada ya utawala wa Napoleon kuanguka alirudi Ufaransa, akafundisha upandaji farasi katika miji ya Le Havre na Rouen. Mwaka 1833 alitoa kamusi ya upandaji farasi, kisha akahamia Paris.

Huko Paris alianza kuonyesha farasi wake katika sarakasi. Maarufu zaidi kati yao alikuwa Partisan, farasi wa mbio wa Kiingereza aliyeuzwa kwa bei ya chini kwa sababu alionekana hashikiki. Watazamaji walishangaa kumwona akicheza kwa utulivu chini ya mpandaji ambaye mikono na miguu yake ilionekana kama haifanyi kitu.

Shoti na kubadili mguu

Shoti ya taratibu ni mwendo wa farasi ulio kati ya mchakamchaka na mbio za kasi. Ina mapigo matatu. Farasi anayetanguliza mguu wa kulia hukanyaga kwanza kwa mguu wa nyuma wa kushoto, kisha kwa mguu wa nyuma wa kulia na wa mbele wa kushoto kwa pamoja, na mwisho kwa mguu wa mbele wa kulia. Halafu kwa muda mfupi sana miguu yote minne inakuwa hewani. Akizunguka upande wa kulia anapaswa kutanguliza mguu wa kulia, na akizunguka kushoto atangulize wa kushoto. La sivyo anapoteza uwiano.

Kwa kawaida mpandaji huomba shoti kwa kurudisha nyuma kidogo mguu wake wa upande wa nje na kubonyeza ubavu wa farasi. Mguu wa ndani hubaki karibu na mkanda wa tandiko, ukimhimiza aende mbele. Mwanafunzi asiyejua hili mara nyingi humpiga farasi mateke au kumvuta hatamu. Farasi hukaza shingo na kuongeza kasi ya mchakamchaka bila kuingia katika shoti.

Kubadili mguu ndani ya shoti ni kugumu zaidi, kwa sababu farasi lazima abadilishe mpangilio wa miguu yote akiwa hewani. Mpandaji anatakiwa kutoa ishara mapema kidogo, ili farasi awe ameielewa miguu inapoondoka ardhini. Baucher alifikia hatua ya kuomba badiliko hilo katika kila hatua moja, hivyo farasi akaonekana kama mtoto anayerukaruka njiani. Baadhi ya wapinzani wake walilitazama jambo hilo kama mchezo wa sarakasi tu.

Namna ya kwanza

Mwaka 1842 Baucher alichapisha kitabu cha mbinu yake, *Méthode d'équitation basée sur de nouveaux principes*, kilichotolewa tena mara nyingi. Alifundisha kwamba ukaidi wa farasi hutokana na ukakamavu wa mwili, hasa taya na shingo. Kwa hiyo alianza kumlegeza farasi akiwa amesimama, kabla ya kumwomba mwendo wowote.

Hata hivyo mbinu hiyo ya kwanza ilikuwa na nguvu nyingi. Miguu ya mpandaji ilimsukuma farasi mbele huku mkono ukimzuia, mpaka nguvu zake zote ziwe chini ya amri ya mtu. Mikononi mwa Baucher ilileta wepesi. Mikononi mwa wasio na ustadi, farasi waliweza kupoteza hamu ya kwenda mbele.

Ugomvi na jeshi

Mwaka huohuo wa 1842 jeshi la Ufaransa lilianza kuijaribu mbinu yake kwa vikosi vya farasi. Mtoto wa mfalme, mtawala wa Orléans, alikuwa upande wake, lakini alikufa Julai 1842 katika ajali ya gari la farasi. Mdogo wake, mtawala wa Nemours, alimpendelea Antoine d'Aure, mpinzani mkubwa wa Baucher. D'Aure alitaka farasi wa jeshi aende mbele kwa uhuru na kasi katika mashamba na misitu. Mwishowe jeshi liliikataa mbinu ya Baucher, na mwaka 1847 d'Aure akawa mkuu wa wakufunzi wa upandaji katika chuo cha Saumur.

Ajali na namna ya pili

Mwaka 1855, Baucher alipokuwa akijiandaa kupanda farasi ndani ya jengo la sarakasi, taa kubwa ya kuning'inia ilimwangukia na kumponda mguu. Hakuonekana tena mbele ya watazamaji. Aliendelea kupanda faraghani, lakini hakuwa tena na nguvu za kumbana farasi kwa miguu.

Udhaifu huo ulikwenda sambamba na mabadiliko makubwa katika mafundisho yake. Katika toleo la 12 la kitabu chake, mwaka 1864, alieleza kwamba mkono na miguu visitumike kwa pamoja. Mkono ukifanya kazi, miguu itulie. Miguu ikifanya kazi, mkono uache njia wazi. Hivyo farasi anayeombwa shoti hapati amri mbili zinazopingana: kwanza hurekebishwa uwiano, kisha huombwa kwenda.

Kifo na urithi

Baucher alifariki Paris mwaka 1873. Mwanafunzi wake Alexis L'Hotte, aliyekuwa pia amefundishwa na d'Aure, alimtembelea katika siku zake za mwisho. Aliandika kwamba mzee huyo aliushika mkono wake kana kwamba umebeba hatamu, akamwonyesha kuwa ubaki umetulia, na usivutwe kamwe kuelekea kifuani. L'Hotte baadaye alikuwa jenerali na mkuu wa chuo cha Saumur. Mwanafunzi mwingine, Faverot de Kerbrech, alihifadhi namna ya pili katika kitabu cha mwaka 1891.

Mafundisho ya Baucher bado yana wafuasi na wapinzani. Lakini kubadili mguu katika kila hatua sasa ni sehemu ya mashindano ya dresaji ya ngazi ya juu, ambapo farasi hutakiwa kufanya hivyo mara 15 mfululizo.